Mwache Fundi Ajibu Mwenyewe

Mke wa fundi cherehani alikuwa akiwasemea watu wawili. Tangu mumewe apatwe na kiharusi, yeye ndiye aliyejibu kila kitu dukani.

"Fundi, suruali yangu iko tayari?" mteja aliuliza.

Fundi alifungua mdomo. "Su... su..."

"Iko tayari, bado vifungo tu," mke alidakia.

Fundi alifunga mdomo. Akaendelea kufumua mshono kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa haujapata nguvu.

Zamani mtu huyu alikuwa na maneno! Aliwatania wateja mpaka wakasahau kwamba nguo zao zimechelewa. Mkewe aliitamani sauti ile. Alimmalizia maneno kwa mapenzi, ili asitaabike. Majirani nao wakaanza kunong'ona kwamba fundi akili zimemruka.

Asubuhi moja alifika binti mmoja, mtafiti wa chuo kikuu, aliyeelekezwa kwao na daktari.

"Shikamoo, baba. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," mke aliitikia kwa niaba ya wote wawili.

"Chuoni tunachunguza jinsi watu wanavyorudi kuongea baada ya kiharusi. Baba, unakubali nirekodi sauti yako? Hata ukikataa, matibabu yako yataendelea vilevile."

"Anakubali," mke alisema.

"Samahani, mama. Ni lazima nipate jibu lake mwenyewe."

"Ataweza wapi? Maneno yamemwisha."

"Hayajamwisha, mama. Kiharusi kimeumiza sehemu ya ubongo inayotafuta maneno. Akili zake zipo, na anatuelewa. Ukimdakia, anaacha kutafuta. Tuzime redio, halafu tusubiri."

Redio ikazimwa. Mdomo wa fundi ulihangaika. Ulimi wa mkewe ukamwasha, akajiziba mdomo kwa kiganja.

"Ke..." fundi alianza. Jasho lilimtoka. "Ke... sho."

Mke aliangua kicheko huku machozi yakimtiririka. "Umesikia, mwanangu? Anakwambia uje kesho! Huyu bado ni fundi kweli kweli!"

Fundi naye akacheka, kwa upande mmoja wa mdomo.

Binti alirudi kesho yake, na fundi akakubali mwenyewe. Binti akawafundisha namna ya kuongea naye. Wamtazame usoni. Wamuulize swali moja tu, kisha wampe muda. Akichoka, aonyeshe kwa kidole, au wamuulize maswali ya ndiyo na hapana.

Mke aliona kushona ni rahisi kuliko kunyamaza. Lakini alijitahidi, na maneno ya fundi yakaanza kurudi, moja moja. Wateja hawakulalamika. Nani asiyezoea kungoja kwa fundi? Na wale majirani wa kunong'ona wakaanza kumsalimu fundi mwenyewe.

Jioni moja, wakifunga duka, mke alishindwa kujizuia.

"Nilikuwa na hamu na sauti yako, mume wangu. Uliniacha peke yangu humu ndani."

Fundi alimshika mkono. Midomo yake ilianza kutafuta. Mke alidhani anajua anachotaka kusema: pole. Neno lilimfika kwenye ncha ya ulimi, akalimeza, akasubiri.

"Hata mimi..." fundi alisema. Akavuta pumzi. "Hata mimi... nilikuwa... peke yangu."