Habari za Vitufe

Kila siku baada ya masomo, Chapuchapu hakwenda nyumbani moja kwa moja. Baba yake alikuwa dereva wa lori na hakurudi mpaka jioni, kwa hiyo binti huyo alipitia kwanza kwenye karakana ya shangazi yake. Aliingia, akaamkia, akanawa mikono, kisha akakaa kwenye benchi la dirishani. Hapo alifanya kazi za shule huku akisikia harufu ya lehemu iliyoyeyuka na mlio wa feni ya zamani iliyolalamika kutwa nzima.

Jina la Chapuchapu alipewa na wenzake kwa sababu ya vidole gumba vyake. Akishika mchezo wowote wa vitufe, vidole hivyo vilikimbia hata macho ya watazamaji yakaachwa nyuma. Wavulana waliojidai mabingwa walishindana naye mara moja tu. Wakialikwa tena, walisingizia kwamba wanaitwa na mama zao. Naye, tusifichane, alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake.

Shangazi alikuwa mbunifu wa vifaa. Wakati huo alikuwa akitengeneza kompyuta ndogo ya mkononi ambayo wanafunzi wangeisomea darasani na hata nje bustanini. Haikuwa na skrini ya kugusa, maana skrini ya kugusa haipatani na vumbi wala mikono yenye maji. Badala yake, chini ya skrini kulikuwa na kitufe kikubwa cha mviringo chenye mishale ya kwenda juu, chini na pembeni. Shangazi alikiita usukani. Kando yake kulikuwa na vitufe viwili vidogo, kimoja cha kukubali na kingine cha kurudi nyuma.

Sampuli za kwanza zilipokamilika, alimpa Chapuchapu moja, na nyingine akampa rafiki yake wa darasani, mvulana mrefu kuliko wote ambaye wenzake walimwita Ngazi. Walitakiwa kufanya mazoezi yao yote kwa kompyuta hizo, kisha waseme zikoje.

"Ninyi ndio wajaribu wangu," Shangazi aliwaambia. "Mkinipitishia kitu kibovu, kitafika mikononi mwa wanafunzi wa shule zote zilizoagiza."

Basi kila alasiri Shangazi aliinua macho kutoka mezani kwake akauliza, "Haya, habari za vitufe?"

"Nzuri, Shangazi," alijibu Chapuchapu.

"Nzuri, Shangazi," aliitikia Ngazi nyuma yake.

Mtu akiulizwa habari hujibu nzuri. Hata mwenye homa hujibu nzuri kwanza, ndipo aseme, "ila sikulala usiku kucha." Chapuchapu alilelewa hivyo, na ni malezi mema. Tatizo ni kwamba yeye aliishia kwenye nzuri, hakufika kwenye ila.

Na ila ilikuwepo. Usukani ulikuwa chini kabisa ya kompyuta, karibu na ukingo. Ili kuufikia, kidole gumba kilibidi kikunjwe kama ndoano. Betri nayo ilikuwa juu, nyuma ya skrini, kwa hiyo kompyuta ilitaka kupinduka kila mara, na vidole vingine viliikaba isianguke. Baada ya siku chache, shina la kidole gumba cha Chapuchapu lilianza kuwaka moto, na maumivu yakashuka mpaka kwenye kiwiko cha mkono.

Kwa nini hakusema? Kwanza, alimwona Shangazi akikesha juu ya kazi hiyo, na kila aliposikia neno nzuri uso wake ulichangamka. Pili, bingwa wa vidole alalamikie kidole? Aliona aibu kweli.

Asubuhi moja alishindwa kufunga vifungo vya shati la shule. Baba yake alikuwa akivaa viatu mlangoni, akamtazama.

"Mkono una nini, mwanangu?"

"Niliulalia vibaya, baba."

"Mbona juzi ulishindwa kufungua chupa? Na juzi pia uliulalia vibaya?" Baba alimfunga vifungo mwenyewe, taratibu. "Mficha maradhi, kilio humuumbua. Mimi sikulazimishi kusema, ila kumbuka methali hiyo."

Chapuchapu alienda shule kichwa kimeinama. Darasani alishika kalamu kwa vidole viwili tu, na Ngazi, aliyekaa naye dawati moja, akamwona.

"Mbona unaandika kama kuku anayeparura?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kidole kinauma. Ni ile kompyuta."

Ngazi aliacha kutabasamu. Akaunyoosha mkono wake mkubwa juu ya dawati na kuufumbata polepole. "Kumbe na wewe? Changu kina ganzi tangu wiki iliyopita."

"Sasa mbona kwa Shangazi unasema nzuri?"

"Si ulitangulia wewe? Bingwa akisema nzuri, mimi ni nani niseme mbaya? Nilidhani ubovu uko mikononi mwangu."

Maneno hayo yalimchoma Chapuchapu kuliko kidole. Alikuwa amejidanganya kwamba siri ile inamuumiza yeye peke yake, kumbe imemziba na mwenzake mdomo. Kisha akakumbuka jambo jingine. Alasiri hiyo hiyo mchonga kalibu alikuwa anakuja kuchukua sampuli. Kalibu ni umbo la chuma ambalo plastiki humiminwa ndani yake, na chuma kikishachongwa hakirudi kilivyokuwa. Kila kompyuta ambayo ingetoka humo ingekuwa na usukani ule ule, pale pale, na kila mtoto angekunja kidole kama wao.

"Leo tunasema," alimwambia Ngazi.

"Utaanza wewe," alijibu Ngazi. "Mimi mrefu tu, si jasiri."

Walipofika karakana, mchonga kalibu alikwisha kuwasili. Alikuwa mtu wa makamo mwenye mikono mipana, miwani ameipandisha kwenye paji la uso. Sampuli ilikuwa mbele yake, imefungwa kwa kitambaa laini, tayari kwa safari.

"Shikamoo," waliamkia watoto.

"Marahaba, hamjambo?"

"Hatujambo."

"Ndio hawa wajaribu wangu, fundi," Shangazi alisema kwa fahari. "Nataka uwasikie mwenyewe. Haya, wanangu, habari za vitufe?"

Ngazi alitazama viatu vyake. Chapuchapu alihisi neno nzuri limekwisha kufika kwenye ncha ya ulimi, lilivyozoea. Akalimeza.

"Mbaya, Shangazi."

Mchonga kalibu alishusha miwani machoni. "Tangu nizaliwe sijasikia mtu akijibu hivyo," alisema. "Hata aliyeibiwa viatu husema nzuri."

Shangazi hakucheka. "Mbaya tangu lini?"

"Tangu siku za mwanzo. Niliogopa kukuvunja moyo. Tena niliona aibu, mimi Chapuchapu, kulalamikia kidole." Akaunyoosha mkono wake. Ngazi naye akaunyoosha wa kwake.

Shangazi alishika mkono wa binti, akabonyeza kidogo penye shina la kidole. Chapuchapu alijikunyata. Hapo uso wa Shangazi ulisawijika.

"Nimeumia," alisema. "Si kwa ajili ya kompyuta. Umeteseka mbele ya macho yangu, na mimi nimekaa hapa nafurahia nzuri zako." Akavuta pumzi, akafungua kile kitambaa. "Fundi, sampuli hii haiondoki."

"Ina maana nimekuja bure?"

"Hujaja bure. Tunahitaji na mkono wako."

Shangazi alikata vibao vya ukubwa wa kompyuta, akabandika karatasi nyeupe juu ya kila kimoja. Kisha akapaka wino wa muhuri kwenye vidole gumba. Chapuchapu akatumia mkono mzima, usiouma.

"Kishikeni kama mnavyoshika kitu chenu," aliwaelekeza. "Msinyooshe kidole wala msikikunje. Kiacheni kitembee kinapotaka chenyewe."

Kidole cha Chapuchapu kilichora mstari mnene uliopinda kama ganda la tikiti. Cha Ngazi kilichora mpana zaidi. Cha mchonga kalibu kilitoka nje ya karatasi, naye akasema chake kinataka kiwanja kizima. Shangazi alizibandua karatasi, akaigeuza ya binti, maana yeye alitumia mkono wa kushoto na wenzake wa kulia, akazipachika zote tatu moja juu ya nyingine, akaziinua dirishani mwanga upite. Mistari ilikutana ubavuni, karibu na katikati ya kompyuta. Kule chini, mahali pa usukani, karatasi ilikuwa nyeupe pe.

"Nimeujenga mahali ambapo hakuna kidole kilichotia mguu," alisema Shangazi.

Ngazi ndiye aliyeanza kucheka, na wote wakamfuata. Kisha kazi ikaanza upya. Usukani ulipandishwa ubavuni, na kwa kuwa wapo wanaotumia mkono wa kushoto, ukatengenezwa wa kuhamishika upande wa pili. Betri ilishushwa ili uzito ukae kwenye kiganja. Mchonga kalibu alipitisha tupa kwenye kingo kali za vitufe, akashauri viinuliwe kidogo ili kidole kivitambue bila macho kutazama.

Jioni hiyo Chapuchapu alimweleza baba yake ukweli, na kesho yake baba alimpeleka zahanati. Daktari alimfunga bandeji, akamwambia asiguse mchezo wa vitufe mpaka maumivu yaishe kabisa. Adhabu hiyo aliivumilia kwa shida, lakini aliivumilia.

Sampuli mpya zilipotoka, Shangazi aliwaalika wajaribu wengine, wakiwemo watoto wa madarasa ya chini. Safari hii hakuuliza habari. Aliuliza, "Panakuuma wapi? Kipi kinakuudhi?" Kitoto kimoja kikaonyesha kwamba kitufe cha kurudi ni kigumu mno, na kikashukuriwa kama mgeni wa heshima. Kitufe kililegezwa, na hapo ndipo kalibu ikachongwa.

Siku kompyuta zilipofika shuleni, Shangazi alikuja kuzikabidhi. Darasa zima likazama kwenye skrini, vidole vikitembea bila kujikunja. Chapuchapu alitazama mikono ya wenzake, mmoja baada ya mwingine, na hakuona hata mmoja akikung'uta mkono wake. Alijisikia vizuri kuliko siku yoyote aliyowahi kumshinda mtu.

Mwalimu alimwomba Shangazi awaambie wanafunzi neno.

"Salamu ni adabu, msiiache," alisema. "Ukiulizwa habari zako, jibu nzuri, kisha eleza shida yako. Lakini ukiulizwa habari za kazi, iseme kazi ilivyo. Na maumivu msiyafiche, maana ukinyamaza wewe, na aliye karibu nawe hunyamaza. Mimi mwenyewe nilikosea. Niliuliza ili nisifiwe, nikaita majaribio. Nilisifiwa kila siku, na kila siku niliendelea kukosea, mpaka mtoto mmoja aliponipenda kiasi cha kuniambia mbaya."