Nilimpima Mbwa Akiwa Amelala

"Mjomba, mwache huyo mbwa hapo hapo ulipo. Usimlete."

Hiyo ndiyo meseji niliyoisoma saa sita mchana, nimesimama kwenye kituo cha mafuta, mkono mmoja umeshika simu, mwingine umeshika sufuria la maji...

Kifaru alikuwa anakunywa. Hakujua kwamba ameshahukumiwa.

Meseji ilitoka kwa mpwa wangu, mtoto pekee wa dada yangu. Nyie mnaosoma, nilihisi nimechomwa kisu na mtu niliyembeba mgongoni akiwa mchanga.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Mimi ni mzee wa safari. Shule nimeisoma vipande vipande, darasa moja huku, nusu darasa kule, kwa hiyo mtanisamehe nikiandika kama ninavyoongea. Nimeendesha malori, nimechimba visima, nimepika kambini. Dada yangu alinibandika jina Kiguu na Njia.

Mama yetu alipofariki, nilifika siku ya nne. Kwa baba, nilifika wiki ya pili. Dada aliwazika wote wawili peke yake na hakunilaumu. Alinipakulia chakula tu, akanitandikia kitanda.

Huyo dada hakuwahi kuniomba kitu maishani mwake. Mpaka mwezi uliopita.

Moyo ulikuwa umemchoka. Mpwa wangu ni nesi kwenye mji wa mbali, siku mbili kwa gari. Alikuja akamchukua mama yake haraka haraka ili akae naye karibu na hospitali. Mbwa akabaki kwa jirani.

Kifaru si mbwa wa kubebwa kwapani jamani. Kilo sitini na tano, kichwa kama ndoo. Akisimama akakuwekea miguu ya mbele mabegani, mnatazamana uso kwa uso. Dada alimlea tangu akiwa anaenea ndani ya kiatu.

Jirani akapiga simu kusema mbwa amegoma kula, analala mlangoni kwa dada na hasogei.

Dada akanipigia. Sauti ilikuwa imebaki uzi.

"Kiguu na Njia, niletee Kifaru. Nataka nimshike kichwa. Hilo tu."

"Nitamleta, dada."

"Usichelewe. Lakini usimkimbize, mbwa si gunia."

Akanitajia masharti, nikayaandika nyuma ya bahasha. Kizimba kiwe cha kumtosha kusimama na kujigeuza. Asipakiwe akiwa ameshiba. Maji kidogo kidogo. Kila baada ya masaa mawili matatu ashuke anyooshe miguu, na kamba isiachiwe hata kidogo. Asibaki peke yake kwenye gari lililofungwa, hata dakika tano. Daktari wa mifugo amkague na aandike cheti cha chanjo. Dawa ya usingizi asipewe kabisa, maana mbwa mkubwa akilewa dawa kwenye joto pumzi humshinda, na wewe huku mbele unafikiri katulia. Mwisho, sweta la dada ambalo halijafuliwa litandikwe chini, awe analinusa.

Mimi, na ujuzi wangu wote wa barabara, nikaharibu sharti la kwanza.

Fundi wa kuchomelea aliomba vipimo. Nikaenda na futi, nikamkuta Kifaru amejilaza mlangoni ananitazama kwa jicho moja. Kusema kweli nilimwogopa. Nikampima vile vile alivyolala, mbio mbio, kama mwizi.

Kizimba kikaja, kizuri, kinang'aa. Kifaru akaingia, akainama kama mzee anayetafuta kitu chini ya meza, akakwama hapo hapo. Hawezi kusimama, hawezi kugeuka. Fundi alicheka mpaka akakaa chini.

"Mzee, ulimpima mbwa au mkeka?"

Na mimi nikacheka. Kikakatwa, kikaungwa upya. Siku nzima ikaenda.

Ndugu zangu, ishikeni hiyo siku moja. Nitairudia.

Tukaondoka alfajiri ya kesho yake, kizimba nyuma ya gari, madirisha wazi, hewa inapita. Saa moja tu barabarani, Kifaru akaanza kulia. Si kubweka. Kulia, kama mtu. Nikasimama pembeni nikampigia dada, nikamwambia mtoto wako ananishinda. Akacheka, akakohoa, akanitumia ujumbe wa sauti.

"Kifaru, tulia mwanangu. Mama anakusubiri."

Nikamchezea ule ujumbe. Akatulia pale pale, akaweka pua kwenye sweta.

Siku ile niliucheza ule ujumbe mara nyingi hata na mimi ukawa unanituliza. Tulishuka, tulitembea, alikojoa kila nguzo ya umeme. Kufika jioni alikuwa ananilamba kiganja, na mimi nimeacha kuogopa. Tukalala kwenye nyumba ya wageni, mlinzi wa pale akatupa chumba cha chini baada ya kubishana kwa muda kama yule ni mbwa au ndama.

Asubuhi nikapiga simu. Akapokea mpwa wangu.

"Mama amelala, mjomba."

Saa nne nikapiga tena.

"Bado amelala. Endesha taratibu."

Sauti yake ilikuwa kavu. Nikaanza kuhesabu mambo kichwani. Huyu binti hakuwahi kumpenda Kifaru, anamwogopa tangu alipomtafunia viatu vya kazi pea mbili. Nyumba yake ndogo. Na dada yangu asiyelala mchana hata akipigwa dawa, leo amelala tu...

Halafu saa sita ikaingia ile meseji. Mwache huyo mbwa hapo hapo ulipo.

Damu ilinipanda. Nikabonyeza kurekodi, nikamtumia maneno ambayo mpaka leo nayasikia:

"Wewe mtoto huna haya. Umemfungia mama yako chumbani unaniambia amelala, sasa unataka na mbwa wake atupwe njiani. Mama yako akifa bila kumshika huyu mbwa, ujue umemuua wewe."

Nikazima simu.

Nilitaka kukanyaga mafuta bila kusimama tena. Lakini Kifaru alikuwa anahema kwa kasi, ulimi nje, na bahasha ilikuwa pale mbele ya usukani na mwandiko wangu mbaya. Nikasimama. Nikamlowanisha tumbo na nyayo. Nikamwambia, tulia, bado masaa manne, utamwona mama.

Tuliingia mtaani kwa mpwa wangu alasiri.

Geti lilikuwa wazi. Uani kulikuwa na viti vingi vya plastiki, na watu wamekaa bila kuongea. Mlangoni, viatu... viatu vingi sana kwa nyumba ndogo.

Sikuhitaji kuambiwa. Mtu aliyechelewa misiba miwili anakijua hicho kimya.

Mpwa wangu alitoka peku. Hakunipigia kelele. Alinishika mkono.

"Alfajiri, mjomba. Ningekuambiaje uko kwenye usukani?"

Ndivyo tulivyo kwetu. Dereva haambiwi msiba mpaka azime gari. Mimi mwenyewe nimewaficha wenzangu hivyo hivyo, zaidi ya mara moja. Na bado sikuelewa.

Maneno yangu yalikuwa yamefika. Simu yake alikuwa nayo mama mkwe wake, anampokelea salamu za pole. Alibonyeza akidhani ni pole yangu. Ikasikika uani kote.

Nilitaka ardhi inimeze. Nikamwambia hata lile alilokuwa halijui: kwamba siku moja ilipotea kwa sababu nilimpima mbwa akiwa amelala. Kwamba bila hiyo siku, tungefika jana yake, dada yuko macho.

Halafu akasema, "Njoo nikwambie na langu."

Akaniketisha kwenye ngazi.

"Kabla hajaenda aliuliza mmefika wapi. Nikamwambia mko getini. Akatabasamu, akashusha mkono kando ya kitanda, kiganja wazi. Akasubiri. Nikashindwa, mjomba. Nikalowanisha kitambaa kwa maji ya uvuguvugu, nikampitishia kwenye kiganja, taratibu, kama ulimi."

"Akasema nini?"

"Akasema, umechelewa, Kifaru. Basi."

Nilishindwa kumtazama.

"Ndiyo maana nikakuandikia umwache. Nilichukua nafasi yake. Nitamtazamaje?"

Nikaenda nikafungua kizimba. Kifaru alisimama vizuri kabisa, akajinyoosha, akapita katikati ya watu kama hawapo. Aliingia mpaka chumbani. Akazunguka kitanda kitupu mara mbili. Akalala upande ule ule, chini ya pale mkono ulipokuwa.

Mpwa wangu alikaa sakafuni mbali naye, mgongo ukutani. Baada ya muda mrefu akanyoosha mkono, ule ule ulioshika kitambaa.

Kifaru aliunusa. Akaulamba.

Hapo ndipo yule binti alipolia. Na mimi nyuma ya mlango.

Leo ni siku ya tisa niko hapa. Kwa mtu kama mimi hiyo ni miaka. Asubuhi tunatembea watatu, mimi, mpwa wangu na mbwa, na yeye ndiye anayeshika kamba. Ule ujumbe wa sauti bado uko kwenye simu yangu. Sijaufuta, na sijaucheza tena, maana Kifaru akiusikia atainuka kwenda mlangoni.

Nyie mliofika mpaka hapa, ukimsafirisha mbwa mkubwa, mpime akiwa amesimama.

Na mtu wako akikwambia kwa sauti kavu kwamba mama amelala, usimtupie maneno. Zima gari kwanza. Kisha muulize taratibu, "Mwanangu, wewe uko salama?"