Nusu ya Picha ya Arusi

Cherehani ya akina mama wa kanisa iliibwa nyumbani kwa fundi mmoja mtaani Makongeni siku ya Jumanne, Mei 1996, kati ya saa tatu na saa sita mchana. Ilibaki meza na miguu yake ya chuma. Mlango haukuvunjwa. Mkanda wa kuizungushia ulikuwa umevuliwa mzima, ukakunjwa na kutundikwa msumarini.

Inspekta Mwongeli Mativo alikuta alama za vidole za wenye nyumba tu. Ukutani aliona picha ya arusi. Upande wa bwana arusi ulikuwa umekatwa kwa makasi. Begani pa bibi arusi vilibaki vidole vinne vya mwanamume.

"Nani aliikata?"

"Mume wangu. Januari. Hakusema sababu," alijibu Elsie, fundi aliyekabidhiwa cherehani hiyo na wenzake.

"Unamshuku?"

"Afande, mtaa mzima unajua Zedekiah ni mcheza kamari. Aliuza hata redio yetu."

Zedekiah Amolo, karani wa reli, alikamatwa kazini. Hakubisha.

"Niliiba mimi."

"Uliiuza wapi?"

"Sokoni Gikomba."

"Kwa nani?"

"Simkumbuki."

"Mkanda uliutoaje?"

"Niliukata kwa kisu."

Mativo aliweka kalamu chini.

Mativo alikwenda kwenye ukumbi wa mashine za kamari, karibu na Muthurwa. Mzee Wekulo, mlinzi wa mlangoni, alicheka aliposikia jina la Amolo.

"Huyo haingii hapa. Tazama."

Nyuma ya mlango alikuwa amebandikwa yule bwana arusi aliyekatwa pichani. Chini yake palikuwa na mwandiko nadhifu wa karani: *Huyu asiruhusiwe kuingia, hata akilia.*

"Aliileta mwenyewe. Amelia hapa mara mbili, sikumfungulia. Sasa kila Alhamisi yuko kanisani na kikundi cha walioacha kamari. Mgonjwa sasa ni mkewe."

"Mkewe?"

"Zamani alikuwa akija kumtoa mumewe, anamngoja kitini. Siku moja akatia shilingi tano kwenye mashine. Jumanne alikuja na noti, akaondoka hana nauli. Nilimpa mimi."

Kituoni, Mativo aliwakalisha pamoja.

"Mkanda haukukatwa," alimwambia Zedekiah. Akamgeukia Elsie. "Ulivuliwa na fundi. Nimezungumza na Wekulo."

Elsie alitazama mikono yake.

"Niliiuza mimi. Nilidhani nikishinda mara moja tu nitaikomboa kabla ya Jumapili."

"Mbona ukamtaja yeye?"

"Yeye wangeamini kuwa ni mwizi."

"Ana kikundi. Hukumwomba msaada?"

"Miaka sita nilimwita mjinga mbele ya watu. Ningeanzia wapi?"

"Nilijua," Zedekiah alisema polepole. "Afande, alikuja mle kunitafuta mimi. Njia nilimwonyesha mimi."

"Njia si kosa katika sheria, bwana Amolo. Wizi ni kosa."

Mativo aliandika maelezo, Elsie akatia sahihi. Alipoinuliwa kupelekwa seli, alisimama kidogo.

"Zedekiah, ile nusu iliyobaki ukutani. Mpelekee Wekulo."

Zedekiah alimkabidhi Mativo ufunguo wa nyumba. Mativo aliipeleka mwenyewe.

Wekulo aliipaka gundi. "Huyu naye niandike nini?"

"Yale yale."

Aliibandika kando ya ile nyingine, akaisukuma kwa kidole gumba mpaka kingo zikakutana. Vile vidole vinne vikapata mkono wao.