Bati Lililogongwa kwa Ndani

Mvua ya mawe ikipiga bati, bati linabonyea kwenda ndani. Kujua hilo hakuhitaji shule, na mimi shule sikuiona. Lakini Verlin Stuckey, mtoto wa dada yangu, aliyesoma mpaka akarudi na tai shingoni, alisimama mbele ya trela ya marehemu mama yake, akapitisha kiganja ubavuni kwa nyuma, akakuta vinundu vimetokeza nje. Vidogo, saizi ya harage. Vitatu, nafasi. Vitatu, nafasi. Vitatu.

"Mvua ya mawe hiyo," akasema.

Nilikuwa nimekaa kivulini na kikombe changu. "Ilinyeshea ndani?" nikamuuliza.

"Mama mdogo, wewe kunywa kahawa yako."

Nikanywa.

Trela yenyewe ni zile za zamani, nyumba nzima ya alumini ya kuvutwa na gari, mviringo kama mkate, jua likiipiga unafumba macho. Dada yangu Hester na mumewe Orrin waliivuta kutoka kwetu Indiana mpaka bahari ya magharibi, wakarudi, wakaenda tena. Orrin alipokufa, Verlin na mkewe Marvella wakahamia nyumba kubwa, eti kumtunza mama. Matunzo yenyewe ndiyo hayo: haikufika Krismasi, mama keshahamishiwa kwenye trela nyuma ya banda, eti anapenda utulivu. Februari akafia humo, kwenye baridi ile ya kupasua mabomba, mlango umegandishwa na barafu. Alikutwa siku ya tatu, mkononi ana kijiko.

Verlin alilia mazishini mpaka kamasi. Namjua tangu ana nepi. Machozi yake yako karibu kama mate.

Kiangazi cha tatu baada ya hapo ndipo akaamua kuifufua trela. Kila Julai wenye trela za zamani wanakusanyika uwanja wa maonyesho, wanazungukazunguka, wanasifiana mabati. Verlin akatangaza kanisani kwamba anafanya kwa heshima ya mama. Watu wakamshika bega. Hakuna watu wepesi kudanganyika kama wa kanisani.

Akaanza. Akabandua mbao za ndani, akafungua boliti, akalinyanyua lile gamba la alumini kwa minyororo mpaka likaning'inia bandani kama boga lililokombwa. Chini ikabaki chasisi. Mbele nzima, nyuma imeliwa na kutu, na sakafu ya huko imeoza, unaichota kwa vidole kama keki iliyolowa. Trela hizi ndivyo zinavyokufa, kwa chini na kwa nyuma, huku ubavuni zinang'aa. Wako watu wa hivyo pia. Akakata vyuma vibovu, akachomelea vipya, akapaka rangi nyeusi. Na kazi ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Mikono ni ya baba yake. Ile roho sijui aliiokota jalala gani.

Siku moja saa sita mchana, jua kali, gamba bado linaning'inia, Verlin yuko chini ya chasisi na brashi yake. Akasikia miguu. Taratibu, ya kuburuta, kama ya mtu mwenye kandambili za sufi, inatoka upande wa jiko inakwenda upande wa kitanda. Ndani ya gamba. Ndani ya gamba ambalo halina sakafu.

"Panya," aliniambia wakati wa kula.

"Panya anayetembea hewani," nikasema. "Huyo mpeleke maonyesho, uache trela."

Marvella hakucheka. Yule mwanamke hana kosa kubwa ila moja, kukubali kila analoambiwa, na hilo nalo linatosha kumpeleka mtu motoni.

Gamba likashushwa, likafungwa kwenye chasisi iliyofufuliwa. Lile bati lenye vinundu angeweza kulinyoosha. Hakutaka. Akalikata lote, akalitupa nyuma ya banda, kifudifudi. Akaleta bati jipya, na hapo ndipo alipohitaji mtu.

Maana ribiti za trela hizi, zile pini za kushikiza bati, hazipigwi na mtu mmoja. Wa nje ana nyundo ya upepo, ile ya mashine, anapiga kichwa cha ribiti. Wa ndani ameshika kipande cha chuma, anakingia mkia wake ili ujikunje. Hawaonani, bati liko kati yao, na nyundo inapiga kelele, kwa hiyo wanasemezana kwa kugonga. Wa ndani akigonga moja: imekaa vizuri. Mbili: bado, rudia. Tatu: acha, nataka kutoka. Hester na Orrin walifanya hivyo maisha yao yote, na Verlin alizijua hodi hizo kabla hajajua kusoma. Shikeni hapo. Alizijua.

Marvella akaingia ndani kukingia. Ribiti kumi hazikuisha, akatoka mbio, akaja mpaka kwangu na chuma chake mkononi.

"Mama mdogo," akasema, sauti chini, "kuna mkono."

"Mkono gani?"

"Juu ya wangu. Unaniongoza. Wa baridi, mama mdogo, na kunanuka ile dawa yake, ile kafuri aliyokuwa akijipaka kifuani. Na maharage yaliyoungua, kama aliyokuwa akipika."

"Umemwambia mumeo?"

"Kasema ni mimi nimechoka."

"Basi chukua kiti, uchoke hapa."

Kesho yake nikampelekea Verlin mkate wa mahindi. Nikamkuta anapiga ribiti, nyundo inanguruma, na kila akimaliza moja inasikika ndani: ko. Anahamia nyingine. Ko. Nikageuka nyuma, Marvella yuko barazani anamenya njegere.

"Verlin, nani anakukingia?"

Akapangusa jasho. "Sijui, na sijali. Hali, hachoki, halalamiki. Nimepiga mstari mzima tangu asubuhi."

"Mwanangu, unajua huyo ni nani."

"Najua maonyesho ni Jumamosi."

Kamtoa mama yake nyumbani, kamwacha agande, na sasa hata mzuka wake kautia kazini.

Asubuhi ya Alhamisi lile bati jipya, siku mbili tu tangu lifungwe, lilikuwa na vinundu. Vimetokeza nje. Vitatu, nafasi, vitatu. Verlin akavigonga na nyundo ya mpira vikalala, akigeuka, vimesimama.

Marvella ndiye aliyemwita Ludie, mama wa maombi kutoka milima ya Kentucky, mwenye kichupa chake cha mafuta. Hakupiga kelele kama wahubiri wa siku hizi. Aliweka sikio kwenye bati, akakaa hivyo muda mrefu, akanyanyuka na uso mweupe.

"Huyu si wa kufukuzwa," akasema. "Ni wa kufunguliwa. Verlin, ile siku ya theluji, ulisikia nini?"

"Upepo."

"Upepo unahesabu tatu na kupumzika?"

Sikio la kulia la Verlin likawa jekundu. Tangu mtoto, akidanganya ni hilo.

"Sema tu kwamba ulisikia," Ludie akasema. "Sema, kisha uache mlango wazi, na hiyo ribiti ya mwisho usiipige. Ukilifunga hilo bati na uongo ndani, utalala na uongo wako humo."

"Bibi, watu Jumamosi wanakuja kutazama trela. Hawaji kusikiliza ngano."

Ludie akafunga kichupa. "La kuvunda halina ubani," akaniambia mimi, akaenda zake.

Ijumaa, saa sita kamili, tumekaa jikoni mimi na Marvella, dirisha wazi, mahindi shambani hayatikisiki hata jani. Tukasikia nyundo inapiga ribiti ya mwisho. Kisha kutoka ndani: ko, ko. Rudia. Akarudia. Ko, ko. Akarudia. Ko, ko. Haya ya mbele aliyasema mwenyewe baadaye, kwamba alirudia mpaka mkono ukafa ganzi, na ribiti imelala bapa kama sarafu lakini ndani bado wanasema mbili, mbili, mbili, mpaka hasira ikamshika, akatupa nyundo chini, akafungua mlango akaingia ili amwone huyo anayemchezea, akakuta hamna mtu, ila hewa ya ndani ni ya Februari, na sakafu aliyoipigilia kwa mikono yake ina theluji, na kwenye kona ya nyuma kuna kandambili za sufi za mama yake zimeelekezwa kwake, na alipogeuka kutoka, mlango ukajifunga polepole, kwa adabu, kama unavyofungwa mlango wa chumba cha mgonjwa, na huko nje, kule alikoitupa nyundo, nyundo ikaanza kupiga.

Sisi jikoni tulisikia nyundo, tukajua yuko kazini. Halafu ikanyamaza. Halafu: ko, ko, ko.

Marvella akanyanyua uso. Ko, ko, ko.

"Ni nini hicho?" akaninong'oneza.

Nikatazama mahindi, yamesimama kimya. Nikatazama kikombe changu, kimebaki nusu. "Upepo," nikasema, nikakimaliza kwanza.

Tulipofika bandani nyundo ilikuwa chini, bado ya moto, hakuna mtu. Mlango umepigwa ribiti kuzunguka fremu yote, safu iliyonyooka, vichwa vimelala sawasawa, kazi ya Orrin akiwa hai. Na bati jipya linatoa vinundu mbele ya macho yetu, vitatu kwa vitatu, kila hodi na kinundu chake. Ilitubidi tuzitoboe ribiti moja moja kwa keekee. Tulipofungua, baridi ikatoka ikatupiga miguuni. Verlin amejikunja kwenye kona, midomo ya bluu, barafu kwenye nyusi, mwezi wa Julai. Mkononi ana kijiko cha mama yake, ambacho mimi mwenyewe nilimzika nacho.

"Nilisikia," akasema. "Mama, nilisikia. Nilipandisha sauti ya televisheni."

Ndani ya gamba tupu ikagonga moja.

Ko.

Trela haikwenda maonyesho. Iko pale pale nyuma ya banda, mlango uko wazi, na hakuna anayethubutu kuufunga. Verlin yuko hai, anakula, anakaa chumba kile kile alichomtoa mama yake. Ila kila mgeni akija, hata wa kuuza bima, lazima amhadithie. Akiieleza yote, mpaka kwenye televisheni, ukutani inagonga moja na mgeni anaruhusiwa kwenda. Akiruka kitu, inagonga mbili, anaanza upya.

Mimi huenda kila Alhamisi na kahawa yangu. Wiki iliyopita alikuja mchungaji mpya, kijana wa heshima, na Verlin akaona aibu. Akasema, "Mchungaji, kulikuwa na upepo mkali sana siku ile."

Sote tukatazama ukuta.