Fundi wa Jumanne

Watu husema mapenzi huanzia machoni. Ya Asmaa yalianzia kwenye foleni, na kama angejua yatakapoishia, angemwacha yule kijana asimame pale mpaka leo.

Ilikuwa Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa kumi. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika juu ya vilima vya Iveti, na wenye maduka ya pembejeo kutoka Masii, Wamunyu na Kithimani walikuwa wamejazana kwenye ofisi ya kampuni ya mbegu na mbolea mjini Machakos, kila mmoja akitaka mahindi na ndengu zake kabla mvua haijamtangulia. Nyuma ya dirisha, kompyuta zote kumi na tatu zilikuwa zimegoma. Makao makuu ya Nairobi yalikuwa yamesasisha programu mwishoni mwa wiki, na tangu asubuhi kila aliyefungua barua pepe alitokewa na kisanduku cheupe kikitaka nywila. Ukiiandika, kinafunga. Ukipumua, kinarudi.

Asmaa, karani wa oda, alikuwa amevaa mtandio wa zambarau na hasira za kutosha watu watatu. Ndipo kijana mmoja mrefu, shati la mirabaraba, mikono imekunjwa hadi kwenye viwiko, mkoba begani, akapita wazee wote na kuja moja kwa moja dirishani.

"Samahani, dada, niko—"

"Foleni inaanzia kule nyuma. Wewe nani upite wazee?"

Kijana aliitazama foleni, akatabasamu, akaenda nyuma. Alisimama dakika arobaini na tano, akimshikia mzee mmoja gunia lake. Zamu yake ilipofika, Asmaa alikuwa tayari na kalamu.

"Haya, unataka mbegu gani?"

"Mbegu sitaki. Mimi ni fundi wa kompyuta. Nimetumwa kutoka Mlolongo kurekebisha hizo email zenu."

Kalamu ilimtoka Asmaa mkononi. "Mbona hukusema?"

"Nilianza kusema, ukaniambia niende nyuma. Na mimi nimelelewa vizuri. Dada akisema nyuma, naenda nyuma."

Foleni nzima iliangua kicheko, na Asmaa, ambaye hakuwa mtu wa kuchekwa, akajikuta anacheka nao.

Jina lake lilikuwa Jamal Ndolo, Mkamba wa Kitui ambaye babu yake alisilimu ujanani. Kufikia alasiri alikuwa ametibu kompyuta kumi na mbili. Ya Asmaa ilikuja mwisho. Alikaa kwenye kiti chake, akaandika hiki, akafungua kile, kisha akatikisa kichwa.

"Hii yako ni kaidi. Inafanana na mwenyewe."

"Ongea na mashine, usiongee na mimi."

"Imetulia, lakini itarudi. Itabidi nije Jumanne ijayo. Kisanduku kikitokea, bonyeza Cancel uendelee na kazi, halafu unipigie. Na tafadhali usimwite fundi mwingine, ataiharibu."

Kilitulia siku tatu, kikarudi. Asmaa alibonyeza Cancel, akapiga simu.

"Mgonjwa wako ameanza tena."

"Mgonjwa ni kompyuta ama ni wewe?"

"Wee Jamal! Niko na watu hapa."

"Basi Jumanne, mwendwa. Mwambie avumilie."

"Mwendwa ndiyo nini?"

"Uliza Wakamba wa hapo ofisini."

Aliuliza. Mwongeli wa stoo alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akamwambia kwamba ni neno la mtu unayempenda. Asmaa alirudi kwenye kiti chake, uso unamwaka, na hakufanya kazi ya maana hadi saa tisa.

Hivyo ndivyo Jumanne ilivyokuwa siku kubwa. Jumanne Asmaa alipaka mafuta ya waridi nyuma ya masikio. Jumanne Jamal alifika viatu vikiwa vyeupe kwa vumbi la machimbo ya Mlolongo, akashika kompyuta nusu saa, kisha wakaenda kantini kula chapati na maharagwe, Jamal akimpokonya Asmaa kipande cha mwisho. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki; kufikia mwezi wa kumi na moja hata mlinzi wa getini alikuwa akitangaza, "Asmaa, fundi wako huyo!"

Asmaa alikuwa na miaka ishirini na tisa. Mababu zake walitoka pwani kuuza vitambaa, wakazoea Machakos, wakazikwa Machakos. Baba yake alikuwa amefariki, naye aliishi Mumbuni na mama yake, Bi Mwanaasha. Lakini kilichomkosesha usingizi kabla ya Jamal, na hata baada yake, kilikuwa kitu kimoja. Kwa miaka minne alikuwa kibarua wa mkataba. Kila miezi sita walimwongezea miezi sita, na kila miezi sita alikaa wiki mbili akingoja karatasi. Sasa kampuni ilikuwa imetangaza nafasi ya msimamizi wa oda, kazi ya kudumu, na Asmaa alikuwa ameomba. Hakuna aliyeijua kazi ile kumzidi. Hata Henry wa meza ya pili, aliyekuja mwaka jana, ni Asmaa aliyemfundisha kuandika oda.

"Wakiniita kwenye mahojiano, nitawaonyesha," alimwambia Jamal.

"Watakuita. Wasipokuita ni wazimu. Na ukipata, nitaleta wazee."

"Na nisipopata?"

"Nitaleta wazee vilevile. Unadhani nimependa cheo?"

Katikati ya mwezi wa kumi na mbili, siku ya Jumatatu, kisanduku kilitokea tena. Asmaa akabonyeza Cancel kama alivyofundishwa, akapiga simu.

"Mwendwa, wiki hii Jumanne sitaweza," Jamal akasema. "Nitakuja Ijumaa."

"Ijumaa ni mbali. Barua mpya haziingii."

"Za oda si zinaingia pia kwa Henry? Vumilia tu, usiguse kitu. Niko na jambo lako ninalolitengeneza, utafurahi."

Akavumilia. Alhamisi kiti cha Henry kilikuwa kitupu. Walisema ameomba ruhusa. Ijumaa Jamal hakuja. Aliyeingia alikuwa mwanamke wa makamo, suruali ya kaki na miwani imening'inia kifuani, aliyejitambulisha kwa jina la Mukai.

"Jamal amechukua likizo, ameenda kwao Kitui. Mashine iko wapi?"

Asmaa alitaka kumzuia. Alikumbuka aliambiwa asimruhusu fundi mwingine. Lakini Mukai alikuwa ameshakaa. Alifungua mahali ambapo Asmaa hakuwahi kumwona Jamal akifungua, akatazama, akaguna.

"Si hii hapa? Kompyuta imehifadhi password yako ya zamani, ndiyo inagombana na mpya. Unaifuta, unaandika mpya, imekwisha." Akabonyeza mara mbili. "Dakika tano. Jamal alikuwa anakuja kufanya nini hapa?"

"Alisema ni ngumu."

Mukai alivaa miwani, akatoa simu na kufungua fomu za kazi. "Ngumu wapi? Wenzako kumi na wawili aliwafutia siku ya kwanza. Yako ameandika, 'Nywila ya zamani bado haijafutwa. Itafutwa ziara ijayo.'" Akapandisha ukurasa kwa kidole. "Ziara ijayo. Ziara ijayo. Aiee! Ni mara kumi na moja, dada."

Barua zilikuwa zimeanza kumiminika kwenye kioo. Zilikuwa sitini na tatu. Macho yake yalienda kwenye moja, ya Jumatatu asubuhi, kutoka makao makuu. Alikuwa ameitwa kwenye mahojiano ya Alhamisi. Alitakiwa kuthibitisha kabla ya Jumatano saa kumi jioni, na asiyethibitisha angehesabiwa amejitoa.

Alipiga simu Nairobi. Mwanamke wa huko alikuwa na sauti ya huruma, na huruma ile ilimuuma kuliko tusi.

"Tulidhani umebadilisha mawazo. Henry ndiye tumempendekeza. Lakini barua yake haijatiwa sahihi. Kama kweli ni hitilafu ya kompyuta, fundi wenu aandike aeleze ilivyokuwa. Akituletea kabla ya Ijumaa ijayo saa kumi na moja, tutakuhoji."

Jumapili walikutana kwenye hoteli moja karibu na soko. Jamal alikuwa amevaa kanzu mpya, na uso umemng'aa kwa habari za Kitui: wazee wamekubali, posa italetwa Jumamosi. Alimaliza kusema ndipo akaona Asmaa hajaigusa chai.

"Kwa nini hukuifuta?"

Jamal hakuuliza nini. Hilo peke yake lilimvunja Asmaa moyo, maana alikuwa amekuja na tumaini dogo kwamba Mukai alikosea.

"Siku ya kwanza niliiacha makusudi," alisema, macho mezani. "Nilitaka sababu ya kurudi. Ningekuja na sababu gani nyingine? Wewe ulinifukuza dirishani."

"Na siku ya pili?"

"Ya pili vilevile. Baadaye ikawa mazoea. Kila Jumanne niliapa leo nitaifuta, halafu nakuona umepaka yale mafuta yako..."

"Jamal, nilikupa namba yangu ya simu wiki ya kwanza. Ungekuja tu. Ungenipigia uniambie toka nje, ningetoka mbio."

Machozi yalimdondoka Jamal, mbele ya wauza mboga na mpishi na kila mtu. Asmaa alikuwa hajawahi kuona mwanamume akimlilia. Moyo wake, mpumbavu yule, ukalainika. Akampa leso yake.

"Nisikilize," akamwambia taratibu. "Bado kuna njia. Waandikie. Useme ulijua tatizo, ukaliacha, na mimi sikuwa na kosa. Kabla ya Ijumaa."

"Nitaandika, mwendwa. Wallahi nitaandika."

"Ukiandika, yamekwisha. Jumamosi wazee wako watanikuta nimejipamba."

Walitoka pale wameshikana mikono, na mtu angewaona angesema hawa wamepona.

Jumatatu Asmaa alimpigia. "Umeandika?" "Naitengeneza, iwe nzuri." Jumatano: "Imebaki kidogo." Alhamisi hakushika simu. Ijumaa saa kumi na nusu, mama yake akiwa jikoni anachagua mchele wa pilau ya kesho, Asmaa alisimama uani na kupiga kwa mara ya tisa.

"Jamal, imebaki nusu saa."

Jamal akajibu kwa sauti ya chini. "Nimefikiri sana. Nikiandika nimeliacha makusudi, kesho yake sina kazi. Nitakuoa na nini?"

"Andika."

"Wewe utapata nafasi nyingine. Mimi nikiandikwa mwongo nimeandikwa. Tumalize posa kwanza, Asmaa. Tufunge ndoa. Mambo yakitulia, nitaenda mwenyewe makao makuu, nitawaeleza kila kitu."

"Baada ya harusi?"

"Baada ya harusi. Si tutakuwa pamoja?"

Asmaa alikata simu. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akatazama saa mpaka ikagonga kumi na moja, na bado akangoja dakika kumi, maana mtu anayependa huwa haaibiki kungoja. Simu ya Nairobi haikuja. Hakumwambia mama yake neno.

Jumamosi walikuja wazee watano, kofia nyeupe, barua ya posa juu ya sinia lililofunikwa kwa kitambaa cha kijani. Walipokewa sebuleni na Mzee Ahmad, ami yake Asmaa, aliyesimama mahali pa marehemu. Wanawake walijaa chumba cha ndani, na Asmaa katikati yao, dera la samawati, hina mkononi, ushungi umeshuka hadi kwenye nyusi.

Desturi yao inajulikana. Walii, msimamizi wa mwali, huja mlangoni na kuuliza. Mwali huinamisha kichwa, hafungui mdomo. Kimya chake ndicho ridhaa yake, na wanawake hupiga vigelegele. Hakuna anayemtarajia kusema kitu.

"Asmaa, binti yangu," Mzee Ahmad akasema, "Jamal Ndolo ameleta posa kwako. Umeridhia?"

Asmaa aliinamisha kichwa. Aliwaza jinsi ilivyo rahisi. Hakutakiwa kufanya lolote, anyamaze tu, na yule aliyempenda angekuwa wake. Ami yake alitabasamu, akaanza kugeuka awapelekee wazee habari njema. Shangazi mmoja alikuwa ameshavuta pumzi ya kigelegele.

"Ami, sijaridhia."

Mzee Ahmad alirudi nyuma hatua moja. "Umesemaje?"

"Sijaridhia. Naomba uwaambie, wasikae wakingoja."

Mzee akaona hachezi, akaenda. Ukuta ulikuwa mwembamba. Walisikia sauti yake ikiomba radhi, kisha viti vikisogezwa, kisha viatu vikitafutwa mlangoni na wazee waliotoka Kitui alfajiri.

Bi Mwanaasha alipiga magoti mbele ya mwanawe, akampandisha ushungi. "Kwani humpendi? Si ulikuwa unaimba jikoni, mwanangu?"

"Nampenda, Mama. Hata sasa hivi nampenda."

"Basi ni nini?"

"Nilimwomba jambo moja kabla ya harusi, akasema baada ya harusi. Mtu huyo, Mama, angenipa kila kitu baadaye."

Huko nje gari liliwaka, likaondoka. Asmaa alijifunika uso kwa mikono yenye hina akalia kwa sauti, mabega yakipanda na kushuka. Mabinti hulia sana siku za posa, na wanawake wale walikuwa wameshasikia vilio vingi vya mabibi harusi, lakini hakuna hata mmoja aliyemwambia anyamaze.