Fundi Sijui

Asubuhi ya Jumamosi ile, Kasauti alikuwa amepanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, akimimina maji kwenye rejeta ya kibasi cha mama yake. Jagi la kwanza likaisha. La pili likaisha. La tatu lilifika nusu ndipo maji yakaonekana mdomoni. Jana alijaza hivyo hivyo, juzi hivyo hivyo, na mkono wake wa kulia ulikuwa umechoka kulisha kitu kisichoshiba.

Kasauti halikuwa jina lake. Mwalimu wa hesabu ndiye aliyembatiza hivyo alipokuwa darasa la nne, kwa sababu kila alipojibu swali sauti yake iliishia dawati la mbele. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili na jina lilikuwa limeshaganda.

Mama alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Alikaa hivyo muda mrefu, kama mtu aliyesahau kiatu ni cha kazi gani. Kila siku ya shule aliamka saa kumi alfajiri, akawapitia watoto tisa majumbani kwao na kuwafikisha shuleni. Jana kibasi kilichemsha katikati ya mlima. Mvuke ukafoka, watoto wakashuka na mabegi yao, wakamalizia safari kwa miguu. Kabla hata kipindi cha kwanza hakijaisha, mama wa mapacha alikuwa ameshapiga simu.

"Dada, nakuonea huruma, lakini wanangu wamechelewa mara ya tatu hii. Nitawatafutia gari jingine."

Jioni mama alikiendesha kibasi polepole hadi kwa Profesa, fundi wa karibu na kituo cha mafuta. Waliomwita Profesa walikuwa na sababu. Gari likiingia tu uani kwake, boneti ikiwa bado imefungwa, yeye ameshajua ugonjwa. Mara tatu alikuwa amesema pampu ya maji imekufa, na mara tatu mama alikuwa amelipia pampu mpya. Jana alisikiliza injini kwa muda wa kupiga chafya mbili, akatikisa kichwa.

"Dada'ngu, pole. Sasa ni injini yenyewe. Imekufa."

Ndiyo maana saa sita mchana huo fundi nguo wa mtaa wa pili angekuja kuchukua cherehani ya mama, aliyokubali kuinunua ili ipatikane pesa ya injini. Shule zikifungwa, kibasi hulala, na cherehani ndiyo iliyowalisha wao wawili. Kasauti alitaka kuuliza likizo watakula nini. Hakuuliza. Mama angeulizwa swali moja zaidi angevunjika.

Lakini kulikuwa na jambo Kasauti alilokuwa amelificha. Alikuwa amekaa nalo wiki tatu.

"Mama."

"Mm."

"Pampu."

"Imefanya nini tena?"

"Hakuibadilisha."

"Nani? Sema kwa sauti, mwanangu. Nimechoka kukisia."

Kasauti akashuka kwenye ndoo. Akasimama akikiangalia kifuniko cha rejeta mkononi mwake, maana uso wa mama hakuuweza. "Profesa. Ile mara ya tatu, ulipoenda kuchukua pesa, mimi nilibaki kwenye benchi. Hakufungua kitu. Alipangusa pampu kwa kitambaa cha mafuta ya taa, akaipulizia rangi ya fedha, kisha akakaa anachezea simu mpaka uliporudi."

Mama aliweka kiatu chini.

"Wiki tatu umekaa nayo?"

"Aliniona nimeona. Akaninunulia soda. Akasema, mpwa wangu, kunywa, mambo ya gereji ni ya wakubwa."

"Ukanywa?"

"Nikanywa."

Kasauti alingoja kofi, au angalau kelele. Havikuja. Mama alijipangusa uso kwa viganja vyote viwili, toka juu hadi chini, kama anayefuta ubao.

"Panda," alisema. "Twende kwa Sijui."

Sijui alikuwa na gereji ndogo nyuma ya kiwanda cha mbao, na watu wengi walimcheka. Ukimpelekea gari na kumuuliza lina nini, jibu lake lilikuwa hilo hilo: sijui. Mama mwenyewe alikuwa akisema, fundi gani huyo hajui, si bora nimuulize jirani? Leo alienda kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda.

Walimkuta mtu mfupi, ovaroli imeshonwa viraka magotini, anakula karanga. Mama akamweleza kila kitu, pampu tatu na injini.

"Haya," Sijui alisema. "Kwa hiyo lina nini?"

"Si wewe ndiye fundi?" mama aliuliza.

"Ndiyo. Na sijui bado. Liwashe." Akavuta gurudumu kuukuu, akalikalia mbele ya kibasi na kuendelea kutafuna. Dakika kumi zikapita. Mama alimwangalia Kasauti kwa jicho la kusema, umeona tulipofika?

"Maji anajaza nani?" Sijui aliuliza ghafla.

"Mimi," Kasauti alisema.

"Eh?"

"Mimi."

"Mtoto, misumeno ya hawa jirani zangu imenimaliza masikio. Ukininong'oneza mimi ni sawa na kulinong'oneza hili tairi. Nani?"

"Mimi!" Kasauti alipiga kelele mpaka akajishtukia.

"Naam! Sasa tunazungumza. Kila siku unajaza kiasi gani?"

"Jagi mbili na nusu!"

"Chini ya gari asubuhi pameloa?"

Kasauti alifikiri. Hakuna aliyewahi kumuuliza. "Hapana! Pakavu! Ila pembeni ya kifuniko cha rejeta pana michirizi myeupe, kama chumvi. Naipangusa, kesho yake ipo tena."

Sijui aliacha kutafuna. Akazima injini, akangoja ipoe. Alingoja kwelikweli, hadi mama akaanza kusinzia ndani ya kibasi. Kisha akafungua kifuniko cha rejeta, akakigeuza, akamwonyesha Kasauti kwa ndani. Mpira wake ulikuwa umepasukapasuka kama kisigino cha mtu asiyevaa viatu.

"Kifuniko hiki kazi yake ni kuyabana maji yanapopata moto. Hakibani tena. Gari likipanda mlima maji yanachemka, yanatoka hapa, rejeta inabaki tupu. Mama! Hebu njoo na wewe uone."

Mama alikuja akipepesa macho. Sijui akamulika kurunzi upande wa pampu. "Na hizi nati hazijaguswa na spana tangu gari litoke kiwandani. Tazama kutu hii chini ya rangi. Pampu yako ni ile ile ya kwanza."

"Na injini?"

"Sijui. Ngoja tujue."

Alifunga kifuniko kipya, akajaza maji, akampa mama usukani. Wakapanda mlima, ule ule wa jana. Sijui aliketi katikati, Kasauti dirishani, wote watatu macho kwenye mshale wa joto. Ulipanda mpaka katikati, ukatulia. Kileleni mama alisimamisha gari akalaza kichwa juu ya usukani. Kasauti alidhani analia, kumbe anacheka, kicheko cha mtu asiye na nguvu ya kucheka vizuri.

"Injini yako nzima," Sijui alisema. "Leo. Kesho sijui."

Alidai bei ya kifuniko, na kidogo juu yake kwa ajili ya kazi. Kifuniko kibovu alikizungushia kipande cha gazeti akampa mama. "Kitu kikitoka kwenye gari lako ni chako. Usiache fundi yeyote akae nacho."

Mama alimpigia fundi nguo simu wakiwa bado njiani: cherehani haiuzwi. Kisha akampigia mama wa mapacha, akamweleza bila kujitetea. Yule mama akasema Jumatatu atawatoa getini kama kawaida, lakini kwa Jumatatu hiyo tu, kisha ataona.

Nyumbani walikunywa chai. Kikombe cha pili kilipofika nusu, mama akasema:

"Unajua nilipokosea? Yule alikuwa na jibu kabla hajafungua boneti, nikamwona bingwa. Huyu kasema hajui, nikamcheka mwaka mzima. Kumbe mtu akikwambia sijui halafu akakaa akatafuta, huyo ndiye wa kumwamini."

Kasauti alitikisa kichwa kukubali.

"Na wewe hukuiba kitu, usijitese. Lakini ukiona mtu anadanganywa ukanyamaza, mwongo anapata nafasi ya kurudia tena. Alirudia jana. Angetuchukulia cherehani. Usinyamaze tena, hata kama aliyekunyamazisha ni mkubwa. Hata kama kakupa soda."

"Ndiyo, mama."

"Eh? Masikio yangu nayo yameharibika."

"Ndiyo, mama!"

Mama akasukuma simu yake mezani. "Mwandikie wewe. Uliyeona ni wewe, na mimi nikiandika nitatukana."

Kasauti aliandika, akafuta, akaandika tena. Kila neno alilisoma kwa sauti kabla ya kuendelea:

"Shikamoo Mjomba. Ile siku ya pampu nilikuona. Ulipaka rangi tu. Soda nilikunywa, lakini nimemwambia mama. Tunaomba uturudishie pesa za pampu tatu."

Akabonyeza. Ujumbe ukaenda. Baada ya muda alama mbili zikageuka bluu, ikaonekana Profesa anaandika, kisha ikaonekana haandiki. Chai ikapoa. Mama akaenda kushona nguo kwenye cherehani, na Kasauti akabaki ameiangalia simu.

Hata marahaba hakuitikia.