Simu Iliyoelekezwa Ganjoni

Kabla hujaanza kunicheka, nikwambie mimi ni nani. Mimi ni Mangi wa Kinondo. Shule niliiacha darasa la sita, na nasikia siku hiyo mwalimu wangu wa hesabu alifunga mapema akaenda kunywa soda kwa furaha. Lakini mwaka ule wa mvua za Elnino, wakati wenye diploma zao pale Ukunda hawajawahi kuiona kompyuta ikiwashwa, mimi nilikuwa nikituma barua hadi Uswisi, nimekaa juu ya ndoo chini ya mkorosho, kifua wazi. Muulize yeyote. Lennox tu usimuulize, yule ana wivu.

Mwenye mtambo alikuwa Mzee Anselm, Mswisi mstaafu aliyeleta gari lake kwa meli hadi Mombasa. Gari lenyewe lilikuwa nyumba: lina kitanda, jiko, choo, na mapazia ya maua. Watoto wa Msambweni waliliita konokono. Dereva ni huyo Lennox, Mluhya aliyekuwa akibeba watalii wa hoteli za Diani. Dada yangu Biasha ndiye mpishi. Mimi nilichota maji, nilifunga turubai, nilifukuza tumbili, na nilimweleza mzee historia ya pwani yetu, nyingine ya kweli.

Sasa, mtambo. Ulikuwa mkoba mweusi, mzito kama Kurani ya msikitini. Unafungua kifuniko, unakielekeza linakochomoza jua, unakizungusha polepole. Utalia tit, tit, kama kifaranga aliyepotezana na mamake. Ukiipata setilaiti unalia mfululizo bila kupumua. Hapo unachomeka waya wa kompyuta na barua zinapanda juu. Ukitaka kuzungumza, kuna mkono wa simu wenye waya mrefu. Ukisema neno, linakwenda mbinguni kwanza, linashuka Ulaya, ndipo jibu linarudi. Lazima usubiri kidogo kila mara, kama unazungumza na mtu mwenye kiburi. Mzee Anselm alinifundisha tukiwa Tiwi. Tulipofika Galu nilikuwa namrekebisha yeye. Kinondo nzima iliujua mtambo ule, maana kila nilipopita nyumbani sikuzungumza jingine. Mama yetu, Mwanarusi, alikuwa akiniambia nipunguze, watu wataniona mjinga. Nilimwambia wataniona kwenye televisheni.

Biasha alikuwa mjamzito, tumbo limeshamtangulia mlangoni. Mama hakutaka aende safari ile. Lakini mumewe alikuwa kibarua bandarini na kazi zilikuwa zimelala, na Mzee Anselm alimhurumia, akampa kitanda chake mwenyewe ndani ya gari. Yeye akawa analala kwenye hema. Safari ni fupi, tulimwambia mama. Tunapanda Kwale, tunashuka upande wa Kinango kwa Waduruma, mzee apige picha zake, turudi.

Tulipanda vizuri. Tukashuka vizuri. Asubuhi moja, tumeshakunywa chai, Lennox akataka kuligeuza gari tuondoke, magurudumu ya nyuma yakazama. Akakanyaga mafuta. Yakazama zaidi. Nilimwambia Waluhya wamezoea ng'ombe wa plau, hakucheka. Mzee Anselm alilizunguka gari akasema kitu kwa lugha yao, nadhani tusi. Wakakubaliana kwenda kwa miguu kutafuta trakta ng'ambo ya mto. Mimi nibaki na dada.

"Maze, usiguseguse vitu," Lennox aliniambia.

Nikamjibu kwamba vitu vya mle ndani vinanijua kuliko yeye. Wakavuka mto, maji yakiwa magotini.

Walipotoweka tu, mvua ikarudi. Sijui umewahi kuuona mto wa bara ukija. Haupandi taratibu. Unakuja umesimama, una magogo na mbuzi ndani yake. Nikajua wale hawarudi leo.

Sikuogopa. Nilikaa chini ya turubai, nikaangalia tulipo. Tulikuwa ukingoni mwa ganjo, yaani mji wa zamani uliohamwa. Nyumba zilikwisha, zimebaki vichuguu vya udongo na majani marefu. Katikati zilisimama nguzo fupi za mbao, zimechongwa meno meno, nyingine zimevishwa vitambaa vilivyooza. Hizo ni koma. Kila nguzo ni mzee wao mmoja aliyekufa. Mji ukihama, koma haihamishwi. Wao hubaki pale. Hulishwa, huambiwa habari za watoto, ikiwa yupo wa kuja kuwaambia. Kwa majani yalivyokuwa marefu, hapakuwa na aliyekuja muda mrefu.

Niliwasalimia kwa mzaha. Shikamooni, wazee.

Adhuhuri Biasha akaniita. Hakupiga kelele. Aliniita kwa sauti ya kawaida kabisa, na hiyo ndiyo iliyonishtua. Nilipoingia alikuwa amekaa kitandani, leso yake imelowa damu hadi magotini.

"Mangi," akasema, "si wakati wake."

Nilitoka mbio na mtambo. Namba ya hospitali moja ya pwani ilikuwa imehifadhiwa ndani yake, unabonyeza kidude kimoja tu. Nikauweka juu ya jiwe bapa, maana kwingine kote ni tope. Nikafungua kifuniko, nikakielekeza mashariki. Kimya. Nikakizungusha. Kimya. Nikakiinua, nikakishusha, nikaomba, nikatukana. Hata tit moja sikuipata. Ndani nilimsikia dada akivuta pumzi kwa meno.

Nikazungusha upande ambao Mzee Anselm aliniambia hauna maana. Magharibi. Chini kidogo.

Tit.

Nikasogeza tena. Tit, tit, tit. Kisha mfululizo, kwa nguvu ambayo sikuwahi kuisikia Tiwi wala Galu. Nilitazama kifuniko kilikoelekea. Kilitazama zile nguzo.

Ungefanya nini wewe? Nilibonyeza.

Nikapitisha mkono wa simu dirishani, nikampa Biasha, maana yeye ndiye ajuaye anaumwa wapi. Mimi nikasimama nje nimeweka sikio karibu. Ililia kidogo. Ikapokelewa.

"Hodi," ikasema sauti.

Anayepigiwa simu hasemi hodi. Lakini dada yangu ni mtu wa adabu, na hodi kwetu ina jibu moja.

"Karibu," akasema.

Akaeleza damu, akaeleza mimba, akaeleza tulipo. Sauti haikuwa ya mwanamume wala ya mwanamke. Ilikuwa ya mtu ambaye hajazungumza siku nyingi. Ikamuuliza jina. Akasema, Biasha. Ikauliza, Biasha wa mama gani? Akasema, Mwanarusi. Ikauliza mama yuko wapi. Kinondo, akasema. Kila swali lilikuja papo hapo, juu ya neno lake la mwisho. Hakukuwa na ule muda wa kusubiri. Haikupanda mbinguni wala kushuka. Ilijibu kama mtu aliyeketi upande wa pili wa pazia.

"Tumesikia," ikasema. "Tunakuja. Mlaze ubavu wa kulia. Mfunike."

Ikakatika. Nikaingia ndani nikicheka kwa furaha, nikamwambia si nilikwambia mimi ni fundi. Nikamlaza ubavu wa kulia. Nikavuta shuka jeupe. Nilipolifikisha kidevuni, akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi.

"Mangi. Hospitali huuliza jina la mume."

Nikasema labda wana utaratibu mpya.

"Jina la mama anauliza nani?" akanong'ona.

Hakuna mtoto wa pwani asiyejua. Anayemtaka mtu, anayemroga, anayemfunga, hataki jina la baba, baba ni maneno ya watu. Hutaka jina la mama. Ukishampa jina la mtu na la mamake umempa mtu mzima mzima.

Nikaliondoa lile shuka. Nikamlaza chali, maana ubavu wa kulia ni mlalo wa maiti kaburini. Nikafunga mlango, nikaweka debe la maji nyuma yake.

Mvua ikapungua. Ndipo nikasikia miguu.

Ilitoka ganjoni. Miguu mingi, inakanyaga tope kwa pamoja, taratibu, kama ya watu waliobeba kitu kizito. Nikafunua pazia. Sikuona mtu. Niliona majani yakilala. Yalilala katika mistari miwili, ikija. Turubai langu likainuka pembeni, kama linavyoinuliwa na mgeni asiyetaka kulowa, likashuka. Gari likainama upande wa mlango.

Biasha macho yalikuwa wazi. Hakuwa ananitazama mimi.

"Wamekuja," akasema.

Midomo yake ilikuwa imepauka. Nikamwita. Nikampiga kofi la shavu. Nilimwambia mama ataniua, nilimwambia mtoto huyu nimeshamchagulia jina, nilimwambia nitarudi shule. Damu haikusimama. Ilikuwa inadondoka kwenye zulia la Mzee Anselm, na nje, kwa kila tone, kuna kitu kilikuwa kinahesabu kwa kugonga ubao.

Mkono wa simu ulikuwa bado kitandani. Nikauokota. Sikubonyeza chochote. Walikuwa wapo.

"Tumekosea," nikasema. "Nilitaka hospitali."

"Tumeitwa, tukakaribishwa."

Sauti niliisikia sikioni. Niliisikia mlangoni pia. Moja ile ile.

"Basi nichukueni mimi. Mwacheni dada."

"Wewe wa mama gani?"

Mimi, domo la Kinondo, nililia. Nililia kama mtoto mchanga, na sioni haya kusema. Nikawaomba kwa Mungu, nikawaomba kwa wazee wao, nikawaahidi tembo la mnazi na kitambaa kipya kwa kila nguzo. Wakaniacha nimalize.

"Ni wa tumbo moja," ikasema sauti. Haikuwa inazungumza nami. Ilikuwa inawaambia wengine. "Hatuchagui watoto wa tumbo moja."

"Twende kwenye tumbo," ikawaambia.

Gari likainuka. Turubai likashuka. Miguu ikaondoka, na safari hii haikurudi ganjoni. Ilizunguka mbele ya gari ikaelekea tulikotoka. Vilimani. Pwani. Biasha akavuta pumzi moja ndefu, akakohoa, akaomba maji. Nilipomwangalia, damu ilikuwa imekauka mapajani kama ya jana.

Nilimshukuru Mungu. Nikambusu miguu dada yangu. Nilikuwa nimeshamnywesha maji, nimeshamfunika leso kavu, ndipo maana ya yale maneno iliponifikia.

Nikaurukia ule mtambo. Kuna duka jirani na kwa mama, Kinondo, lina simu, namba yake naijua kwa moyo. Nikaelekeza mashariki. Nikaelekeza kusini. Nikaupandisha juu ya paa la gari, nikasimama nao mvuani, nimeuinua kichwani kama mwendawazimu. Nikauelekeza hata kwenye zile nguzo, nikawaita mimi mwenyewe, warudi. Haukulia tena. Mto ulikuwa umejaa. Nilikimbia hadi ukingoni, nikarudi, nikakimbia tena. Hayo ndiyo niliyoyafanya hadi kesho yake, Lennox alipokuja na trakta na mzee, na nasikia nilimrukia shingoni nikimwambia atuendeshe nyumbani, nyumbani, wala sikumweleza kwa nini.

Biasha tulimwacha hospitali Kwale. Walisema yuko sawa na mtoto anacheza. Mimi nikashuka Kinondo.

Mlango wa mama ulikuwa wazi. Sufuria ya mchuzi iko jikoni, imefunikwa. Chumbani hapakuwa na mama. Hapakuwa na kitanda.

Mwero, jirani yetu mgema, alinikuta nimesimama pale katikati. Alikuwa na uso wa furaha. Akaniuliza mama anaendeleaje. Nikamuuliza, amemwona wapi? Akashangaa. Akanieleza kwamba jana alasiri, wakati wa adhana, alikuwa akiziba paa lake, akawaona wanaume wanne wanatoka na kitanda, mama yuko juu yake, amelala kwa ubavu, amefunikwa. Hakuwafahamu, akadhani ni watu wa ukoo wetu wa bara. Aliwatolea salamu, hawakuitikia. Akawauliza wanampeleka wapi mgonjwa.

"Yule wa nyuma ndiye aliyenijibu," Mwero akasema. "Akasema, mwanawe amepiga simu." Akanipiga bega. "Nikajua ni wewe na ule mtambo wako. Nikasema, kumbe kweli yule kijana ana maana."

Tulitafuta. Polisi walitafuta, waganga walitafuta, misikiti ilisoma dua. Mvua ilipokatika nikamlazimisha Lennox anirudishe Kinango. Tembo nilibeba, na vitambaa. Kitanda cha mama kilikuwa ganjoni, kati ya vichuguu, kimetandikwa, chandarua kimechomekwa pembe zote. Mvua ilikuwa imenyesha siku zote zile bila kupumzika. Shuka lilikuwa kavu.

Mama hakuwepo. Niliita hadi sauti ikaisha. Lennox, yule wa kunicheka, ndiye aliyenivuta mkono.

Kitanda tulikirudisha Kinondo, kwa kuwa Biasha alikataa kiachwe kule. Kipo chumbani kwake mama. Hakilalwi. Mimi ndiye ninayefungua mlango asubuhi na kukunjua shuka, mimi peke yangu, maana wengine hawataki kuingia. Mto wa kichwa huwa umebonyea katikati. Mara ya kwanza nilidhani ni paka. Sasa huwa naweka kiganja pale, nakiacha kidogo. Pana joto.